Niko na miaka 32, niliishia form three, chuo kikuu naweza kufika kwa njia gani?

Mama_wa_Igoma
Habari za saa hizi wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Mwanza, nina duka la vyakula. Shule niliacha form three baba alipofariki, ila mtihani wa form two nilifanya na nikafaulu. Sasa nataka kurudi na lengo ni chuo kikuu, nisome maendeleo ya jamii au ustawi wa jamii, maana mimi ndo katibu wa kikoba chetu na wamama wananiletea matatizo yao mpaka dukani, mwingine kanyimwa matunzo, mwingine anadaiwa mkopo wa riba kubwa wa kausha damu, na mimi nabaki kusema pole tu. Nimeulizia kila mtu ana lake, huyu ananiambia nianze QT (mtihani wa maarifa), huyu anasema Open (Chuo Kikuu Huria) wana foundation, kozi ya maandalizi, unaingia moja kwa moja, mwingine ananiambia kwa umri huo nikasome kozi ya ushonaji inatosha. Mume wangu karidhia ila ada lazima itoke hapa hapa dukani. Mnaojua naombeni mnielekeze.

Mwl_wa_jioni
Dada hongera sana kwa uamuzi. Nafundisha watahiniwa wa kujitegemea jioni na darasani kwangu wapo wenye umri kukuzidi.

QT haikuhusu, ile ni kwa ambaye hakufanya form two au alifanya akafeli. Wewe unaingia form four moja kwa moja kama PC, yaani mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa NECTA (baraza la mitihani) unafunguliwa mwanzo wa mwaka, mtihani Novemba, ukichelewa kusajili unalipa na faini juu. Tafuta namba yako ya mtihani wa form two mapema, nenda shule uliyosoma kama huna, watu wengi wanakwama hapo. Halafu PC hana maksi za mazoezi ya shuleni za kumbeba, kila kitu ni siku ile ya pepa.

Na hiyo foundation ya Open waliokuambia hawajakuambia yote. Ili ikuingize digrii, mbali na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 wanataka uwe na angalau pointi 1.5 za form six, au diploma ya GPA 2.0, au cheti cha NTA level 5 (ngazi iliyo juu ya cheti cha kwanza cha chuo). Mwenye form four peke yake haimvushi, usije ukalipa hela ukaambiwa mwishoni.

Binti_Kihesa
Mimi nimepita hiyo njia nikiwa na mtoto mgongoni kwahiyo nakuambia ninachokijua. Form four tafuta D nne, masomo ya dini hayahesabiwi humo. Ukizipata unaenda cheti mwaka mmoja, diploma miaka miwili, ukitoka na GPA ya 3.0 unaomba digrii. Hizo D nne hata huko chuo kikuu wanazirudia kuziangalia so usizidharau. Faida yake ni kwamba hata hela ikikata katikati unabaki na cheti mkononi unaweza kuombea kazi, na kozi yako ipo, Tengeru kule Arusha wanafundisha maendeleo ya jamii kuanzia cheti.

Kingine chagua kituo kwa macho mawili. Mwenzangu alimpa hela mwenye kituo, kumbe jina halijapelekwa, akajua mwezi wa kumi. Usikubali risiti ya mkono tu, dai namba yako ya mtahiniwa, ya PC inaanza na herufi P, na uione mwenyewe.

Kasulu_one
Mi napingana kidogo. Kama kichwa kinabeba, akishapata form four apige na form six kama PC. Wanataka credit tatu za form four, yaani C kwenda juu, halafu digrii unaingia kwa principal mbili (ufaulu wa A hadi E wa form six) zenye jumla ya pointi 4, D mbili zinatosha, au C na E. HGK (History, Geography na Kiswahili) hapo inasomeka ukiwa dukani, na ni nafuu kuliko ada ya chuo miaka mitatu.

Binti_Kihesa
@Kasulu_one inasomeka kwa aliyetoka shule juzi. Mtu kakaa miaka 15 hajashika daftari, ana duka, ana watoto, akikosa hizo principal anabaki na form four yake ile ile. Mimi nasimamia cheti. Na dada jua kabisa, miongozo ya bodi ya mikopo niliyosoma inataka muombaji asizidi miaka 35, kwa njia yoyote hapo utakuwa umepita au uko mpakani. Anza kuweka akiba ya ada ya digrii leo.

Mama_wa_Igoma
Asanteni sana, nimeelewa kuliko mwezi mzima wa kuuliza. Kwahiyo Januari nasajili form four halafu cheti. Maswali mawili, hesabu naziogopa sana niziache? Na jina, form two nilitumia la babu kama la ukoo, NIDA lipo la mume.

Mwl_wa_jioni
Hesabu usiziache. Section A ina maswali kumi ya maksi sita sita, D inaanzia 30, maana yake ukiyapata matano tu kwa ukamilifu umefika. Anza na takwimu, seti, na lile swali la mahesabu ya biashara, wewe unauza na kununua kila siku, trading account ukionyeshwa mara mbili utaishika. Lisaa limoja usiku ukishafunga duka linatosha, ila iwe kila siku.

Jina sajili lile lile la form two, usiingize la mume, maana cheti kikishatoka kukibadili ni safari ndefu. Hilo la NIDA muone wakili akuandalie deed poll (hati ya kisheria ya kubadili jina), na uifanye sasa kabla ya Januari ili chuo wakiomba nyaraka zote zisome sawa.

Mama_wa_Igoma
Sawa mwalimu. Jumatatu naenda shule ya zamani kufuata namba.