Kufundisha kiharusi kwa saa moja: Helsinki itatusaidia nini huku Eastlands?

Mwanagenzi wa Eastlands

Habari zenu. Mimi ni daktari mwanagenzi katika hospitali moja ya umma upande wa Eastlands, Nairobi. Jumatano ijayo nimepewa saa moja nifundishe wenzangu, wauguzi na wanafunzi wa utabibu kuhusu kiharusi. Konsaltanti wetu ameshasema hataki tena slaidi za anatomia.

Nimesoma utafiti wa Atte Meretoja, daktari wa mishipa ya fahamu, alioufanya na wenzake Helsinki, Ufini. Mwaka 1998 mgonjwa wa kiharusi pale alikuwa akikaa kama dakika 105 tangu afike mlangoni hadi adungwe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Kufikia 2011 walikuwa wameshuka hadi dakika 20, na dawa ni ile ile. Walipanga upya hatua 12 za kazi: watu wa ambulensi wanapiga simu wakiwa njiani, historia ya mgonjwa inasomwa kabla hajafika, machela inapitiliza moja kwa moja hadi kwenye skani, na sindano inadungwa papo hapo mezani.

Sasa rudi kwetu. Wagonjwa wengi wanaletwa na Probox ya jirani, tayari wamechelewa. Alteplase, hiyo dawa yenyewe ya kuyeyusha damu, haipo kabatini. Skani ikigoma tunaandika rufaa. Wenzangu wawili wananiambia kufundisha Helsinki hapa ni kumsomea mtu menyu ya hoteli asiyoweza kuingia. Nifundishe nini ambacho mtu atakitumia usiku huo huo?

Abiria wa Jogoo Road

Anza na watu wa dirisha la malipo. Mamangu ameshaonwa na daktari, fomu ya skani ninayo mkononi, naambiwa nipange laini. Mbele yangu kuna jamaa anayelipia kadi ya kliniki ya meno. Meno! (Si hospitali yako, na sitaitaja.)

Sista wa Zamu

Daktari, pole na kazi. Nimekaa kasualti miaka mingi, kwa hivyo mnivumilie nikirefusha.

Hao wenzako wawili wasikukatishe tamaa. Hebu zipitie tena hizo hatua ulizozitaja uone ni ngapi zinazodai pesa. Kupiga simu mapema? Kuacha kumhamisha mgonjwa kitanda hadi kitanda? Hizo ni tabia tu, na tabia ndiyo unayoweza kuigusa kwa saa moja.

Mwite mlinzi wa geti aje kipindini. Sifanyi mzaha. Anayemwona mgonjwa kwanza si wewe wala mimi, ni askari. Akiona uso umepinda, mkono umelegea, maneno yanakuja kama ya mlevi, asimwelekeze kwenye benchi la kadi. Aite kiti cha magurudumu na apaze sauti.

Halafu saa. Ukimuuliza mwenye mgonjwa "ilianza lini," atakuambia asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo walipomkuta. Kijana mmoja alinishikilia kwamba babake ameanza alfajiri ile. Nikamuuliza, jana wakati wa taarifa ya habari ya saa moja alikuwaje? "Alikuwa akibishana nami juu ya bei ya unga." Baadaye? "Akaenda kulala saa tatu." Basi tunahesabu kuanzia alipolala, na ule muda wa saa 4 na nusu ambao dawa ya kuyeyusha damu inaruhusiwa ulikuwa umeshapita kabla hawajatoka nyumbani. Iandike hiyo saa kwa herufi kubwa juu ya fomu ya rufaa. Huko anakokwenda wataitafuta hiyo kabla ya aya zako tatu za historia.

Toboa kidole upime sukari. Sukari ikishuka sana mtu anaweza kupooza upande mmoja kabisa. Umpe glukosi kwenye mshipa, aketi akuulize viatu vyake viko wapi.

Sasa kumeza, na hapa ningekuomba utumie nusu ya kipindi chako. Familia zetu haziji hospitali mikono mitupu. Kuna flaski ya uji na kuna shangazi mwenye kijiko. Koo likiwa limelegea, uji unaingia mapafuni, siku ya tatu mgonjwa anahema kwa shida na homa juu. Sandy Middleton, muuguzi mtafiti wa Australia, yeye na wenzake waliwafunza wauguzi wa vitengo vya kiharusi huko New South Wales mambo matatu tu: homa, sukari na kumeza. Matokeo yalitoka 2011. Baada ya siku 90, katika vitengo vilivyopata mafunzo asilimia 42 walikuwa wamefariki au wanategemea watu wengine. Katika vile vingine ni asilimia 58. Themomita, mashine ya sukari na kijiko cha maji. Hakuna hata kimoja hapo kinachongoja tenda.

Waonyeshe kwa vitendo. Mgonjwa awe macho, aketi wima. Kijiko kidogo cha maji, vidole viwili kooni, usikie likipanda. Ngoja. Mwambie ataje jina lake. Akikohoa, au sauti ikitoka kama ana maji kooni, acha hapo hapo. Bandika karatasi juu ya kitanda kwamba haruhusiwi chochote kwa mdomo, kisha mwendee shangazi umwambie ana kwa ana, kwa maana karatasi hataisoma.

Na presha. Mtu akiona 200 kwa 110 mkono unaruka kwenye dawa ya kushusha. Kama skani imeonyesha mshipa umeziba na hapewi dawa ya kuyeyusha, miongozo inavumilia hadi 220 kwa 120, kwa sababu sehemu ya ubongo iliyokosa damu inaitegemea hiyo presha. Mshipa ukiwa umepasuka mambo yanageuka. Hiyo ndiyo sababu ya kutaka skani kwanza, na hiyo ndiyo sababu ya kuizuia aspirini mpaka picha ionekane. Vidonge vya presha vya jirani ndiyo kabisa visiguse ulimi.

Kijana wa Eksirei

Sista amemaliza, naongeza ya chumbani kwangu. Mnaniletea mgonjwa wa kiharusi bila simu, na mimi nimeshamlaza mtu wa tumbo na dawa ya rangi imeingia. Siwezi kumshusha. Mngenipigia alipofika getini, huyo wa tumbo angengoja nje. Tena mtoeni hereni, pini za nywele na meno ya kubandika huko huko kasualti. Kusuka nywele simlaumu mtu, lakini ile mitindo yenye vyuma inanimalizia dakika.

Mkaazi wa Neurolojia

Ralph Jozefowicz, daktari wa mishipa ya fahamu na mwalimu huko Rochester, Marekani, aliandika mwaka 1994 juu ya hofu ya wanafunzi kwa somo letu. Alisema inatokana na kushindwa kuunganisha sayansi ya darasani na mgonjwa aliye kitandani. Konsaltanti wako ana haki kukataa slaidi.

Ningekushauri ufanye igizo. Hospitali ya Stavanger, Norway, ilirekebisha utaratibu wake, kisha timu nzima ikaufanyia mazoezi kwa mgonjwa wa kuigiza, pale pale kazini. Walikuwa kwenye dakika 27 kutoka mlangoni hadi sindano, wakafika 13, waliandika 2019. Huna sindano hiyo, sawa. Pima dakika kutoka getini hadi skani, au hadi rufaa itoke mkononi mwako. Usiwahesabie watu makosa mbele ya wenzao, hawatarudi.

Abiria, kuhusu laini ya malipo: Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kila keshia anapaswa kukijua. Ila wengi wao hakuna aliyewaambia kiharusi ni dharura, mgonjwa hatoki damu wala hapigi kelele.

Mwanagenzi wa Eastlands

Asanteni sana. Sista, kijiko na maji nimeviweka juu ya orodha. Konsaltanti amekubali tuigize kuanzia getini na amejitolea kuwa mgonjwa mwenyewe, jambo linalonitia wasiwasi kidogo kwa uzito wake na machela yetu. Mlinzi yuko tayari. Keshia anasema atakuja ikiwa haitazidi dakika 20 na hatasimamishwa.

Abiria wa Jogoo Road

Mpe kiti na soda. Lakini aje.