Naomba ushauri: nataka kufuma wanyama wadogo wa kroshia wa kutundika kwenye funguo

Binti wa Mbagala

Habari zenu wapendwa, hasa nyie wa kazi za mikono. Mimi nafuma vitambaa vya makochi, vile vya bapa, nilifundishwa na shangazi na huko siogopi kitu. Sasa kuna dada ana duka la steshenari jirani na shule, ameniomba nimpelekee viholda vya funguo vya wanyama, vile vidogo vya kujaa kiganjani, wanafunzi wanavitundika kwenye zipu za mabegi na kila siku wanamuulizia. Nimelipenda sana hilo wazo maana ni kazi ya jioni watoto wakishalala, ila kufuma kitu cha mviringo chenye tumbo ni habari nyingine kabisa, hapo mimi ni mgeni.

Nimejaribu paka. Matundu yanaonekana mpaka pamba inachungulia, raundi nyingine inapanuka nyingine inabana na sielewi kwanini, kichwa kimechongoka, na sikio moja limesimama lingine limelala. Uzi ni ule wa manyoya manyoya mweusi, sindano ninazo mbili, ile nyembamba ya chuma ya vitambaa na nyingine namba 5. Naombeni mnisaidie sindano namba ngapi, uzi gani, ndani niweke nini, na hiyo ringi ya funguo inafungwaje isichomoke maana mtoto wa shule akivuta begi anavuta kwelikweli.

Mama Nasra

Karibu mdogo wangu, umefika penyewe. Kwanza huo uzi mweusi wa manyoya weka pembeni, usiutupe utakuja kuufumia kitu kizuri baadae, ila kwa anayeanza haufai kabisa kwa sababu mshono huuoni, unabaki unapapasa kwa kidole, na usipoona mshono huwezi kuhesabu, na usipohesabu ndo hayo ya raundi kupanuka na kubana. Chukua uzi wa sweta wa kawaida au wa pamba, rangi ya mwanga, njano, pinki, bluu ya anga, uliosokotwa vizuri usiochambuka ukiuchoma sindano.

Sindano nyembamba ya chuma iache kwenye vitambaa, na namba 5 ni kubwa mno ndo maana pamba inachungulia. Angalia karatasi iliyozungushiwa huo uzi, huwa wameandika ni wa sindano ya milimita ngapi. Ikiwa 4, wewe shuka mpaka 3 au hata 2.5. Ile ya kwenye karatasi ni kwa ajili ya sweta lilale vizuri mwilini, sisi tunataka mfumo mgumu unaozuia pamba isitoke. Mkono utauma mwanzoni, pumzika, utazoea.

Lingine, usifunge raundi kama unavyofunga kwenye vitambaa. Huku unazunguka tu mfululizo, na kwa vile mwanzo wa raundi hauonekani, tundika pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza, kila ukifika hapo unakitoa unakihamishia kwenye raundi mpya. Bila hicho kipande utapotea tu, hata mimi mpaka leo natumia.

Na paka mwache kwanza. Anza na kifaranga, hana shingo hana masikio, ni mpira mmoja tu. Mshono ni ule mfupi wa kawaida mwanzo mpaka mwisho. Unaanza na mishono 6 kwenye duara. Raundi ya pili kila mshono unautilia miwili, inakuwa 12. Ya tatu unatia mmoja, unaofuata miwili, mmoja, miwili, mpaka 18. Baada ya hapo raundi nne za 18, huongezi hupunguzi. Kisha unaanza kupunguza, mmoja halafu miwili unaiunganisha kuwa mmoja, unarudi 12, hapo ndo unajaza pamba kabla mdomo haujawa mdogo. Raundi ya mwisho unaunganisha miwili miwili zinabaki 6, unakata uzi ukiacha mkia wa shubiri hivi, unaupitisha kwenye hiyo mishono 6 na sindano yenye tundu, ile ya kushonea sweta, unavuta, umefunga. Mdomo unautarizi na uzi wa rangi ya chungwa. Kila mwisho wa raundi HESABU kabla hujaendelea, ukikuta 17 badala ya 18 fumua hiyo raundi hapo hapo, usiseme nitafidia mbele.

Binti wa Mbagala

Shikamoo mama, ubarikiwe sana, kwahiyo zile raundi nne za 18 ndo zinakuwa tumbo, sasa nimeelewa. Ila hilo duara la kuanzia ndo linanitesa, naona kwenye video wanazungusha uzi kwenye kidole, mimi ukishazunguka unanifungukia wote.

Kamba na Uzi (Nairobi)

Sasa dada, hiyo isikusumbue. Fuma cheni mbili tu, halafu ile mishono 6 yote uitie kwenye cheni ya kwanza kabisa uliyoanza nayo, ile ya mbali na sindano. Kitundu kitabaki kidogo sana katikati, ukimaliza unapitisha ule mkia wa mwanzo unakivuta kinazibika. Wengi huanza hivyo na hakuna mtu atajua. Ile ya kuzungusha kidoleni utaizoea polepole.

Nikuongezee mambo mengine yenye hakuna mtu huambia beginner. Ukiwa unafuma mpira, kitu hupenda kujikunja upande usiofaa bila wewe kujua. Angalia mishono ya nje, ikiwa inaonekana kama herufi V zimepangana uko sawa, ikiwa unaona vistari vimelala basi hiyo ni upande wa ndani, kigeuze kabla hujafika raundi ya tano maana baadaye hakigeuki.

Pia ukipunguza mishono usichukue mshono wote mzima mzima. Kila mshono juu una vinyuzi viwili. Chukua kile cha mbele cha mshono wa kwanza, na kile cha mbele cha mshono wa pili, vyote kwa sindano, halafu fuma kama kawaida. Hapo kwenye umepunguza hakutaonekana kitundu wala kinundu. Hii kitu peke yake itabadilisha kazi yako kabisa, nakwambia ukweli.

Na ukitafuta patani, yaani maelekezo ya kufuma, kwa YouTube andika amigurumi, ndo jina la Wajapani la hawa wanyama na dunia nzima inalitumia, utapata mpaka uchoke. Lakini chunga patani za kusoma, Mmarekani na Mwingereza hawaiti mishono sawa. Ule mshono mfupi Mmarekani anauandika sc, Mwingereza huohuo anauandika dc, na dc ya Mmarekani ni mshono mrefu kabisa. Ukichanganya kifaranga kinatoka kama kofia. Kabla ya kuanza tafuta kwa patani wameandika ni ya wapi, na ukiona sc popote ndani yake basi hiyo ni ya Marekani.

Uzi wa mazoezi huku tunatumia hata Brazilian wool ile ya kusukia nywele, ni bei rahisi na rangi ni nyingi.

Cherehani Moja

Kuhusu cha kujazia msimpe gharama dada wa watu, apite kwa fundi cherehani yeyote aombe mabaki ya vitambaa akatekate vidogo vidogo, bure kabisa, au sufi.

Mama Nasra

Mabaki hapana jamani. Kipande cha kitenge cheusi ndani ya kifaranga cha njano kinaonekana kabisa kwa nje, na vinakuwa vizito na vina mabonge, unashika mnyama unahisi kama kuna kokoto. Sufi kwenye mto sawa, ila kwenye kitu kidogo inashindiliana, baada ya muda mnyama anasinyaa, na ukiwa unajaza ule unyoya unapepea unakuingia puani. Anunue faiba ile nyeupe ya midoli au apasue mto wa zamani wa faiba, mto mmoja unajaza wanyama wengi sana. Aichambue kwa vidole kwanza ndo aingize kidogo kidogo, aanzie pembeni aende katikati. Kichwa kuchongoka mara nyingi ni donge moja kubwa la pamba limesukumwa juu.

Mzee wa Vishikizo

Naona ringi mmeiruka na ndo roho ya kiholda. Mimi nauza vifaa vya mikoba kwahiyo naona vinavyorudishwa. Watu wengi wanachukua ringi wanaishonea kwenye kitanzi kimoja cha utosini, pale pale kwenye duara la kuanzia, na pale ndo sehemu dhaifu kuliko zote, ukivuta duara linafunguka na mnyama anabaki barabarani mtoto anaenda na ringi.

Fanya hivi binti. Fuma cheni ya kama sentimita 6, ipitishe kwenye ringi uikunje mara mbili, miisho yote miwili iingize ndani ya kichwa kabla hujafunga mnyama, ifunge fundo kubwa kwa ndani, halafu kwa nje shona kamba hiyo kuzunguka mishono ya raundi ya pili na ya tatu, siyo ya kwanza. Mkia wa uzi uliobaki upitishe utosini utokee chini, urudishe juu kwa njia nyingine, ndo ukate. Hapo hata mtoto avute vipi uzito unagawanyika kwenye mwili mzima. Ringi chukua ile bapa ya chuma inayozunguka mara mbili, zile nyembamba za hereni zinafunguka. Kariakoo ukiulizia kwenye maduka ya vifaa vya mikoba na cherehani utapata kwa dazeni.

Macho, yapo ya plastiki yenye msumari na washa, yaani kiringi cha kubana kwa nyuma, saizi ya milimita 6 inatosha kwa mnyama wa hivi. Yabane KABLA ya kujaza, ukishajaza huwezi tena kufika kwa nyuma. Lakini kama kitaenda kwa mtoto wa chini ya miaka 3 usiweke plastiki kabisa, tarizi macho kwa uzi mweusi, mtoto mdogo kila kitu mdomoni. Na huyo mdogo usimpe chenye ringi.

Msimbazi Damu

Bibie fuma simba wekundu siku za dabi uje kunishukuru, na wale wenzetu wa Yanga wafumie chochote cha kijani na njano watanunua tu. Bei usiogope, hii kazi ni ya mkono tupu, weka elfu tatu au nne.

Mama Nasra

Simba ana manyoya ya shingoni, asubiri kwanza. Mdogo wangu usimpelekee dada wa duka mpaka uweze kuweka vifaranga vitano mezani na vyote vifanane ukubwa, maana wateja wa dukani wanachagua, kikiwepo kimoja kikubwa vile vingine vinadoda. Na kwenye bei usihesabu uzi tu, hesabu na masaa yako. Kimoja kikikuchukua masaa mawili na ukamuuzia kwa 1,500 yeye auze 3,000, utachoka mapema na utaichukia kazi nzuri. Mwambie mapema bei yako ya jumla.

Binti wa Mbagala

Jamani nimerudi, nimepata uzi wa njano na sindano ya 2.5 na kifaranga kimekaa! Hakuna tundu hata moja, nimehesabu kila raundi, na kamba nimeifunga kama alivyoelekeza baba hapo juu, mwanangu kaning'inia nayo haijatoka. Nimefurahi sana asanteni wote. Vitano vikifanana ndo naenda dukani. Sasa kabla sijarudi kwenye paka nielekezeni masikio tu, yakae sawa yote mawili.

Kamba na Uzi (Nairobi)

Hongera dada! Kabla ya paka pitia dubu, masikio yake ni rahisi. Zungusha duara kama la kuanzia, tia mishono 6, lakini usiunge mwisho na mwanzo, vuta tu, linakuwa nusu duara. Fuma mawili, acha mikia mirefu ya kushonea. Usiyashone kwa kukadiria macho, chomeka pini kwanza: hesabu kutoka utosini raundi mbili chini upande wa kulia, na raundi mbili chini upande wa kushoto, mishono iliyo kati yao iwe sawa mbele na nyuma. Geuza umwangalie kwa mbele, kwa juu, ukiridhika ndo ushone, kuanzia pembe moja mpaka nyingine. La paka ni hivyo hivyo, ila hapo katikati ya ile 6, baada ya mshono wa tatu, unaweka cheni mbili ndo unaendelea, hiyo ndo inatoa ncha.