Kundi la familia: mashine mpya imetoa ufa

Kaka: Jamani wanafamilia habari za jioni, ile mashine mpya ya kupasulia magogo imenitoa jasho leo. Wiki haijaisha! Nimeweka gogo lina fundo katikati, ikasukuma ikasukuma mara nikasikia KAP nikajua gogo limeachia kumbe sio gogo

Kaka: 📷 Picha

Dada: mbona sioni kitu

Kaka: pale kabari, kile chuma cha kupasulia gogo, inapokaa juu ya boriti, upande wa kushoto, rangi imekatika mstari

Binamu: aah blaza hiyo rangi tu imebabuka 😂

Mjomba: Hiyo sio rangi. Zima mashine mjomba, usipasue hata kijiti

Kaka: Shikamoo mjomba, nimeshazima

Mjomba: Marahaba. Usisugue kwanza wala usipige nyundo. Piga picha za karibu, weka rula pembeni ya ufa urefu wake uonekane, na upige kile kibati chenye namba ya mashine. Ukimaliza mulika tochi ndani ya huo ufa uniambie chuma kikoje

Mama: Kwani kuna aliyeumia? Naona mnaongelea chuma tu

Kaka: Shikamoo mama, hapana niko mzima kabisa

Mama: Marahaba, haya endeleeni

Binamu: Sasa mjomba mambo yote hayo ya nini, kuna jamaa hapo anachomelea mageti, dakika kumi anapitisha rodi juu yake kazi imeisha

Mjomba: Geti halisukumwi na tani 16. Chukua silinda, lile bomba la mafuta linalosukuma gogo, yenye kipenyo cha sentimita 10, ipe presha ya baa 200, ndo tani 16 hizo, zote zinaishia kwenye kabari. Na gogo haliisukumi kabari pale chini kwenye boriti, linaisukuma juu kidogo, kwahiyo kabari inataka kulala kinyumenyume na weldingi ya mbele ndo inang'olewa. Kama ilikaa juu juu kama nta ya mshumaa basi fundo moja tu linatosha

Kaka: Mjomba nimemulika. Chuma cha ndani kinang'aa laiiini, kuna mpaka mistari ya grainda inaonekana

Mjomba: Umeona sasa. Hiyo mistari ni ya mtu aliyekuwa anaandaa chuma kabla ya kuchomelea, ingekuwa chuma kimeyeyuka kikashikana isingekuwepo tena. Chuma kinene kama hicho kinanyonya joto sana, mtu akiweka moto mdogo au akikimbiza mkono inatoka weldingi nzuuuri kwa macho halafu chini haijashika. Wakapiga rangi juu, nani atajua

Dada: kwahiyo wamemuuzia rangi 🙆🏾‍♀️

Binamu: bado nasema yule jamaa wa mageti

Mjomba: Akiigusa tu, muuzaji atasema nyie ndo mmeharibu na waranti imekufa hapohapo. Halafu kupitisha rodi juu ya ufa ni kuuficha tu, ufa unabaki chini unaendelea na safari yake

*Kesho yake*

Kaka: Muuzaji kajibu. Anasema nimeweka gogo kubwa kuzidi uwezo wa mashine 😡😡 sasa mimi gogo nilipime na nini

Mjomba: Muulize valvu ya usalama ni ya kazi gani. Presha ikifika kikomo mafuta yanarudi kwenye tangi, gogo likikataa linakataa, mashine inanguruma tu pale mkono hausogei. Haiwezi kusukuma kuliko ilivyopangwa labda mtu awe ameikaza hiyo valvu. Umeigusa?

Kaka: hata sijui iko wapi

Mjomba: Mwandikie hivyohivyo. Na umtumie ile picha ya mistari ya grainda, hiyo haina cha gogo kubwa wala dogo

Dada: mwandikie usimpigie!! ya simu baadae mtu anaruka

*Mchana*

Kaka: Kalainika 😅 anasema nichague, alete boriti nyingine na kabari yake au nitafute fundi mwenyewe yeye alipe, na kaandika kabisa kwamba waranti inabaki. Mjomba si uje tu uichomelee wewe?

Mjomba: Chukua mpya

Binamu: Mjomba unakimbia kazi leo 😂😂

Mjomba: Mimi nachomelea miaka yote na bado nasema chukua mpya. Hiyo kabari sijui chuma gani, kama ni kile kigumu cha kukatia bila kukipasha moto kwanza kitatoa ufa pembeni ya weldingi kikishapoa. Na kazi yenyewe sio kupitisha rodi, ni kusaga weldingi yote mpaka chuma kisafi, unachonga mfereji wa V, rodi za 7018, zile zisizotaka unyevu, ziwe kavu, pasi moja unagonga magamba unasugua ndo unapanda nyingine, halafu unaiacha ipoe yenyewe bila maji. Silinda inatolewa kabisa na kibano cha eathi, kile cha kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, kinakaa karibu na unapochoma, umeme ukipitia kwenye silinda unakula fimbo yake na sili za kuzuia mafuta yasivuje, hapo umetengeneza kabari umeua hidroliki. Kwa kosa la mtu mwingine yote hayo ya nini

Kaka: Nimeelewa, nachukua mpya

Dada: na ukibadilisha usishike mipira ya mafuta kutafuta panapovuja eti! niliona mahali mafuta ya presha yanapenya ngozi kama sindano

Mjomba: Kweli kabisa, pitisha kipande cha boksi sio kidole. Na mtu akichomwa nayo hospitali saa hiyohiyo hata kama kidonda hakionekani

*Siku nne baadae*

Kaka: Boriti imefika imefungwa. Sijawasha 📷📷

Mjomba: Hii sasa mtu kachomelea. Kingo zimeingia kwenye chuma pande zote na wameongeza vibati vya pembetatu nyuma ya kabari, ile ya kwanza haikuwa navyo. Upande wa kulia?

Kaka: 📷

Binamu: rangi nzuri 😂

Mama: Wewe mtoto!

Mjomba: 😂 Haya washa, anza na gogo lisilo na fundo, pasua kumi uzime uangalie tena palepale