Methadoni, buprenofini au naltreksoni? Kaka yuko Dar, mama anamtaka Ujiji

Bint_Ujiji
Wakuu, mwakeye. Nina jambo la nyumbani na sitaki kulipeleka kwa majirani.

Kaka yangu ana miaka 34. Amekula unga, yaani heroini, Dar karibu miaka tisa. Mwaka jana aliingia kliniki, na tangu hapo anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, kila asubuhi, sasa yuko kwenye miligramu 90. Siku hizi anapiga simu nyumbani bila kuomba hela, kitu ambacho tulishakisahau. Shida ni bi mkubwa. Anataka mwanawe arudi Ujiji kabla ya Ramadhani, "aiache hiyo dawa huko huko, nitamlea mwenyewe". Binamu yetu aliyeko Ubelgiji naye kachochea kuni: eti kwao kuna kidonge cha kuweka chini ya ulimi, buprenofini, mtu anapewa cha wiki nzima anaondoka nacho, na kingine kinaitwa naltreksoni ambacho hakileweshi kabisa. Sasa mama anauliza kwa nini asihamie kwenye vidonge aje navyo.

Nani anazijua hizi tatu? Ipi inamfaa mtu atakayekaa Ujiji?

MzeeWaMwanga
Binti, methadoni ni kuacha kete ya unga na kushika kikombe, basi. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji kavaa koti jeupe. Mlete, mfungieni siku saba arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ipite, kisha aingie ziwani kuvuta nyavu. Kijana akichoka kwa kazi anakumbuka kulala, si unga.

Dozi_ya_Asubuhi
Mzee shikamoo. Mimi niko kwenye hicho kikombe mwaka wa sita, na kufungiwa nimefungiwa mara mbili kabla ya hapo.

Arosto ya unga inaanza kama saa 8 mpaka 12 tangu kete ya mwisho. Inakuja na miayo kwanza, halafu pua na machozi, halafu mifupa inauma kama inasagwa na tumbo linafunguka. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kilele, na ndani ya wiki imepita. Hapo uko sahihi kabisa. Mara ya kwanza nilipofungiwa, siku ya nane nilikuwa mzima, nimenyoa ndevu, nimekula ugali mpaka mama akalia. Siku ya kumi na moja nilikuwa maskani. Arosto ilishaondoka zamani, hamu ndiyo ilibaki imekaa pale pale.

Unga unakufanya uishi kwa saa chache chache: kuamka, kusaka hela, kuvuta, kusaka tena. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndiyo maana kikombe kimoja kinatosha. Nikishakunywa naenda gereji, nashika spana mpaka jioni. Anayemeza kidonge cha presha kila siku mbona hatumwiti teja wa presha?

Kibirizi_Mwaloni
Sisi tulimfungia kijana wetu. Chumba cha uani, kufuli kwa nje, uji unapitishwa dirishani. Akatoka siku ya tisa, safi. Wiki ya tatu akalipwa hela ya dagaa, akajidunga kiasi kile kile alichokizoea. Asubuhi tulimkuta amekaa ameegemea ukuta, tukadhani amelala.

Mzee, sikusuti. Kufuli nilinunua mimi.

Nesi_Isevya
Mwangaluka kutoka Tabora. Kibirizi, pole sana ndugu yangu.

Kijana wenu hakuzidisha dozi kwa hesabu ya zamani. Mtu akikaa hata wiki mbili tatu bila afyuni ya aina yoyote (jamii ya heroini na methadoni), mwili unapoteza uzoefu wake, na kiasi alichokuwa anakimudu kinaweza kusimamisha pumzi. Bint, hili ndilo la kumweleza mama kabla hatujafika kwenye vidonge. Wiki za mwanzo baada ya mtu kuacha methadoni ni kati ya vipindi vya hatari kuliko vyote. Akikatisha 90 ghafla atapata arosto ndefu kuliko ya unga, maana dawa yenyewe inatoka polepole, na akiteleza humo njiani mwili wake haujui tena kujikinga.

Sasa hizo tatu. Sisi watu wa reli tuseme ubongo una viti vya behewa. Heroini inakalia vile viti, inapiga kelele, inashuka kituo kinachofuata. Methadoni inakalia viti hivyo hivyo kikamilifu, lakini inapanda taratibu na inasafiri mpaka kesho. Kwa hiyo hakuna arosto, hamu inapungua, na mtu akivuta unga juu yake anakuta viti vimejaa. Ubaya wake ni kwamba haina dari: ukiizidisha, inaua. Ndiyo maana daktari anaanza na 20 au 30, anapanda polepole kwa wiki kadhaa, na wengi wanatulia kati ya 60 na 120. Ndiyo maana pia unakunywa mbele ya mtoa huduma. Ukichanganya na valiamu (dawa ya kutuliza) au pombe kali umeondoa ngazi ukiwa juu ya paa. Na dozi kubwa zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, mwenye historia ya moyo apimwe.

Buprenofini inakalia kiti nusu tu. Nusu hiyo inatosha kuzuia arosto na hamu, lakini kwenye kupumua ina dari, ukiongeza dozi athari haipandi sana. Hapo inaishinda methadoni kwa usalama, na hapo ndipo Ufaransa ilipopata ujasiri mwaka 1996 wa kuwaachia madaktari wa kawaida waiandike, na vifo vya kuzidisha dozi vikashuka sana. Huwa inachanganywa na naloksoni kidogo, dawa inayozima kazi ya afyuni, ili anayetaka kuisaga na kujidunga apate arosto badala ya stimu. Chini ya ulimi hiyo naloksoni haina kazi.

Kwenye chakula chake kuna mwiba mmoja. Buprenofini ina nguvu ya kung'ang'ania kiti kuliko wote. Ikikuta heroini au methadoni bado imekaa, inamwinua abiria na kumtupa nje dirishani, na yeye anakaa nusu. Matokeo yake ni arosto ya papo hapo, mbaya kuliko ile ya kawaida. Mtu wa unga lazima asubiri mpaka arosto ianze kuonekana, kwa kawaida saa 12 hadi 24. Mtu wa methadoni lazima kwanza ashushwe mpaka 30 au chini ya hapo, halafu asubiri siku moja hadi tatu. Kaka yuko 90. Kumshusha kutoka 90 hadi 30 ni kazi ya miezi, na miezi hiyo yote yuko pabaya.

Naltreksoni itabidi niiandike baadaye, kuna mgonjwa.

Bint_Ujiji
Dada ahsante. Mama kasomewa mpaka hapo, kauliza kama hicho kidonge mtu anaweza kukimeza na chai.

Duka_la_Dawa_KGM
Mwambie hapana. Kikimezwa, ini linakimaliza kabla hakijafika popote. Kinawekwa chini ya ulimi mpaka kiyeyuke chenyewe, dakika tano hadi kumi, bila kuongea, bila kunywa. Kikishayeyuka asukutue kwa maji, na mswaki angoje saa nzima, maana kinakula meno. Methadoni nayo inakausha mate, meno yanaoza hivyo hivyo. Kwa meno zote mbili ni mbaya.

Na nyie mnaokuja dirishani kuniuliza vya chini chini: hivi si vitu vya dukani. Ni dawa za daktari, zinadhibitiwa. Kuna kijana alinijia akasema anajitibu unga kwa tramadoli. Tramadoli nyingi inaleta degedege, na ni afyuni nayo. Amehama chumba tu, nyumba ni ile ile.

Nesi_Isevya
Nimerudi. Naltreksoni: hii inakalia kiti, haifanyi chochote, na haiachii. Mtu akivuta unga hasikii kitu. Kweli hailevyi, na kwa maneno inapendeza kuliko zote. Kwa matendo, kile kidonge cha miligramu 50 cha kila siku ndicho kinachoachwa haraka kuliko vyote. Haizuii hamu kama hizo nyingine, hakuna arosto ya kumkumbusha mtu kwamba kaisahau, kwa hiyo asubuhi moja anaamua kutokumeza, na viti viko wazi. Mwili wake hauna uzoefu hata chembe. Rudi usome alichoandika Kibirizi.

Halafu kuianza tu ni mtihani. Siku 7 hadi 10 bila unga kabisa, na kwa anayetoka kwenye methadoni ni siku 10 hadi 14. Nimeona inamfaa mtu mwenye kazi ya kupoteza na mke anayesimama akimtazama anameza. Kwa wengine naona ni ahadi nzuri iliyoandikwa kwenye karatasi nyepesi. Sindano yake ya mwezi ni habari nyingine, uliuliza vya mdomoni.

MzeeWaMwanga
Nimesoma yote. Kibirizi, Mungu ampokee kijana wenu.

Swali langu ni moja. Ataacha lini hicho kikombe?

Dozi_ya_Asubuhi
Mzee, mimi niliuliza swali hilo wiki ya kwanza. Mshauri akanijibu, "Unataka kuishi au unataka kumaliza?" Nilikasirika siku mbili. Wapo wanaoshuka polepole kwa mwaka au zaidi wakamaliza. Mimi nilishuka hadi 40, nikaanza kuota unga usiku, nikarudi 70. Sioni haya.

Bint, muulize kaka kama ana TB au aliwahi. Mimi nilianzishwa dawa za TB, na wiki ya pili nikawa napiga miayo dirishani, jasho, pua inatiririka, na nimekunywa dozi yangu kamili. Nilisimamishwa mbele ya foleni nikaambiwa nimerudi kwenye unga. Kumbe rifampisini inaharakisha ini kuitoa methadoni. Ilibidi dozi ipandishwe, na TB ilipoisha ikashushwa tena taratibu. Baadhi ya ARV za zamani kama efavirenzi zina tabia hiyo hiyo. Buprenofini pia rifampisini inaipunguza, wasije wakakwambia haiguswi.

Nesi_Isevya
Umesema kweli, na hilo la kusimamishwa mbele ya watu ni aibu yetu sisi wahudumu.

Bint, sasa jibu la swali lako. Huduma ya serikali huku kwetu imejengwa juu ya methadoni tangu ile kliniki ya Muhimbili ya Februari 2011. Dawa hiyo inatolewa bure. Buprenofini ningeipenda kwa mtu wa mbali, lakini kidonge ambacho kila mwezi utakitafuta kwa simu za Ubelgiji si tiba, ni roho juu. Kwa hiyo usiulize ipi bora kwenye karatasi, uliza ipi ataikuta kesho asubuhi pale atakapoamkia. Kama lazima ahame, kliniki ya Dar iwasiliane kwanza na kliniki atakakopokelewa, iandike barua yenye dozi na siku ya mwisho aliyokunywa, na asipande treni kabla jibu halijarudi. Akikosa siku tatu mfululizo asirudishwe kwenye 90 moja kwa moja, wataianza upya chini. Na hata wakimpa dozi za kubeba, ziwe na kufuli. Kikombe chake kimoja kinamuua mtoto.

Kuhusu Ramadhani aongee na kliniki na shehe wake mapema. Mgonjwa ana nafasi yake kwenye dini.

Bint_Ujiji
Wakuu nimerudi. Jana usiku nilimpigia kaka, nikaweka spika, nikamsomea mama mbele yake, hasa ya Kibirizi. Mama hakusema kitu mpaka bando likakata. Leo asubuhi kaamka kaniambia, "Basi nitamfuata mimi." Reli nzima, zaidi ya kilomita 1,200, na magoti yale. Anataka asimame naye kwenye foleni aone anakunywa nini.

Kasikia kwamba methadoni inafunga choo, kwa hiyo kanunua mapapai manne mabichi yaivie njiani, na migebuka mikavu, na dumu la mawese lita tano.

Kibirizi_Mwaloni
Dumu aweke nailoni chini ya kifuniko kabla hajafunga. Treni inatikisa.