Mwangwi kwenye simu za intaneti ofisini: tuanzie wapi kuutafuta?

Mratibu wa Njiro:
Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Ofisi yetu ya utalii hapa Njiro, Arusha, imehamia simu zinazopita kwenye intaneti, lakini tumebakiza laini mbili za shaba zenye namba za 027 kwa sababu wenye hoteli wamezizoea. Seva ni kompyuta ya kawaida inayoendesha Asterisk, programu ya kuunganisha simu za ofisi, na laini za shaba zinaingia kwenye kadi iliyochomekwa humo humo. Tukipiga nje kwa laini hizo tunasikia sauti zetu wenyewe zikirudi, kiasi kwamba mhasibu wetu hulazimika kunyamaza kila baada ya maneno machache. Tukiongea chumba kwa chumba hakuna shida. Mawakala wetu wa Ujerumani, ambao tunawapata kwa intaneti moja kwa moja, wao ndio wanaolalamika kwamba wanajisikia, ilhali sisi huku tunawasikia vizuri, na kwao hali huwa mbaya zaidi alasiri. Aliyetuuzia vifaa anashauri tuongeze kasi ya intaneti. Kabla hatujaingia gharama hiyo, naomba maoni yenu.

Fundi wa Sakina:
Pole, mkuu. Mimi naungana na huyo muuzaji. Sauti inahitaji intaneti yenye nafasi, na mara nyingi ukiongeza kifurushi matatizo ya simu hupungua.

Mtandao Moshi:
Ndugu Mratibu, usilipe chochote kwanza. Namheshimu Fundi, lakini simu inayotoka kwenye mkonga wa mhasibu hadi kwenye kadi ya laini ya shaba haigusi intaneti kabisa. Inasafiri kwenye nyaya za ofisini kwenu, kisha inatoka kwa shaba. Hata ukinunua kasi mara kumi ya uliyonayo, mhasibu ataendelea kujisikia.

Intaneti haitengenezi mwangwi. Pakiti, yaani vipande vya sauti vinavyotumwa mtandaoni, zinazokwenda na zinazorudi ni mikondo miwili iliyotengana, na sauti haiwezi kuvuja kutoka mmoja hadi mwingine. Mwangwi huzaliwa ama pale sauti inapokuwa umeme kwenye waya wa shaba, ama pale inapokuwa hewani kati ya spika na maikrofoni. Mtandao huchelewesha tu, na ucheleweshaji huo ndio unaofichua mwangwi ambao kwenye simu za zamani ulikuwepo bila mtu kuutambua. Sauti yako ikikurudia ndani ya milisekunde 25 hivi, sikio hulichukulia jambo hilo kuwa sehemu ya kuongea kwako. Ikichelewa zaidi ya hapo inakuwa kero. Simu ya intaneti kwa kawaida hukusanya sauti kwa vipande vya milisekunde 20 kabla ya kutuma, na upande wa kupokea huweka akiba ya vipande kadhaa, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi hupita kiwango hicho hata ndani ya jengo moja.

Ukishajua hilo, utaona kwamba anayesikia mwangwi kwa kawaida si mwenye kasoro: sauti yake inavuja mbele ya safari. Kwa mhasibu, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kadi. Laini ya shaba hubeba sauti za pande zote mbili kwenye jozi moja ya waya, na kadi ina sakiti ya kuzitenganisha, ambayo hufanya kazi vizuri endapo tu ukinzani wake unalingana na wa laini. Kadi nyingi huwekwa ohm 600, ilhali laini halisi hutofautiana kwa urefu na unene wa shaba. Visipolingana, sehemu ya sauti inarudi ilikotoka.

Kama kadi yako inakubali, simamisha Asterisk jioni watu wakishatoka, uendeshe programu ya fxotune, ambayo huijaribu laini kwa mipangilio mingi na kuhifadhi iliyo bora. Kumbuka kuiita tena kwa fxotune -s kila kompyuta inapowashwa, maana kadi yenyewe haikumbuki. Kisha tazama mpangilio wa kizuia mwangwi, yaani sehemu ya mfumo inayoufuta mwangwi kwenye sauti. Wengi huandika echocancel=128 wakidhani ni milisekunde 128, kumbe hizo ni sampuli, yaani vipimo vya sauti, na kwa sampuli 8,000 kwa sekunde hizo ni milisekunde 16 tu. Jaribu 256 au zaidi.

Mama Swichibodi:
Nakubaliana na ndugu wa Moshi, naongezea upande wa Ujerumani. Kwa kuwa wao ndio wanaojisikia, kasoro ipo kwenu. Mwombe wakala aendelee kuongea huku wewe ukibonyeza kitufe cha kuzima maikrofoni. Mwangwi ukikatika papo hapo, sauti yake inatoka kwenye spika yenu na kuingia kwenye maikrofoni yenu. Kisha rudia jaribio hilo kwenye kila simu, kwanza kwa mkonga, halafu kwa spika. Mikonga ya bei rahisi ikiongezwa sauti hadi mwisho huvujisha hata ikiwa imebanwa sikioni.

Kuhusu alasiri, uliza nani hupandisha picha na video za safari saa hizo. Njia ya kupandisha ikijaa, pakiti za sauti hupanga foleni, mwangwi uleule unachelewa zaidi na kusikika zaidi. Nyuzi za faiba zenyewe huchukua takriban milisekunde 50 kwa kila kilomita 10,000, nalo hilo hamwezi kulipunguza, lakini foleni ya rauta yenu mnaweza. Ipe sauti kipaumbele kwa alama ya DSCP 46, inayowekwa kwenye pakiti ili rauta izitangulize, na muwekee kikomo anayepandisha video. Pendekezo G.114 la ITU-T, chombo cha kimataifa cha viwango vya mawasiliano, ni kwamba ucheleweshaji wa upande mmoja ukibaki chini ya milisekunde 150, mazungumzo mengi huenda vizuri.

Mratibu wa Njiro:
Asanteni sana. Jaribio la Mama Swichibodi limeonyesha wazi kwamba ni simu ya mapokezi, ambayo hutumiwa kwa spika juu ya kaunta ya marumaru. Tumeiwekea hedseti, na mawakala wametulia. Kwenye laini za shaba, fxotune imesaidia sana, ila sekunde ya kwanza ya kila simu mwangwi bado unasikika, halafu unapotea.

Mtandao Moshi:
Hiyo ya mwanzo ni kawaida, kwa sababu kizuia mwangwi kinahitaji kusikia sauti kidogo ndipo kiijue laini. Kama inakukera, punguza rxgain (nguvu ya sauti inayoingia kutoka kwenye laini) na txgain (ya inayotoka) kwa desibeli moja moja, ukipiga simu ya majaribio kila mara. Ukifika mahali ambapo mashine ya benki inayokuambia ubonyeze moja haitambui tena unachobonyeza, umepunguza txgain kupita kiasi. Rudisha desibeli moja au mbili.