Naomba ushauri: spoku za gurudumu la nyuma zinakatika upande wa giya

Wakuu habari zenu. Baiskeli yangu ina giya saba nyuma, na spoku za gurudumu hilo zinakatika moja baada ya nyingine. Karibu zote ni za kulia, na zinakatikia pale kwenye kipindo, zinapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu). La mbele halijanisumbua hata siku moja.

Najua la nyuma ndilo linalobeba uzito mkubwa na kuvutwa na cheni. Tena giya zinakula nafasi, kwa hiyo spoku za kulia zinasimama wima zaidi na kukazwa kuliko za kushoto. La mbele lenyewe liko sawa pande zote (breki zangu ni za rimu, siyo diski).

Fundi mmoja anasema nibadilishe spoku zote. Mwingine anataka nifunge rimu ya matundu 36 badala ya hii ya 32, lakini si itabidi na habu ibadilike?

Mnaosuka magurudumu wenyewe, mngeanzia wapi? Na je, za kushoto zikilegea zinaweza kuwa ndizo zinazozichosha za kulia? Nikizibonyeza hizo za kushoto kwa vidole zinacheza sana.