Msaada: mchicha uliopata dawa kidogo umeuzidi usiopuliziwa, nitumie modeli gani?

Binti_Kimara: Shikamooni wakubwa. Nasoma uzamili hapa Dar. Nimeotesha mchicha kwenye viriba nyuma ya nyumba, nikaupulizia glaifoseti (dawa ya kuua magugu) kuanzia gramu 4.5 kwa hekta, nikaongeza maradufu hadi 288. Nataka kujua mboga za mabondeni zinapatwa na nini upepo ukizipelekea dawa ya jirani. Nimeshakausha na kupima. Kwenye gramu 9 na 18 mchicha ni mzito kuliko ule usioguswa na dawa, na modeli ya logi-lojistiki ya vigezo vinne (mstari wa umbo la S unaoshuka dozi ikipanda) inapita chini ya nukta hizo. Nimeshauriwa nizifute, eti ni makosa ya mizani. Moyo unakataa.

Babu_Takwimu: Marahaba mwanangu. Usifute hata moja! Hiyo ni homesisi: sumu kidogo inachochea, nyingi inaua. Kwa glaifoseti inajulikana. Mwaka 2008 Velini na wenzake walionyesha kuwa gramu 1.8 hadi 36 kwa hekta zinaweza kukuza mahindi, soya na mikaratusi. Soya iliyobadilishwa vinasaba ili isidhurike na dawa hiyo haikuchochewa, na mimi hapo ndipo ninapoamini kwamba si kelele za data.

Modeli yako inajua kushuka tu. Ikikutana na nundu, inakipandisha kikomo cha juu kuliko viriba vyako vya dozi sifuri, na ED50 (dozi inayopunguza uzito kwa nusu) inapotoka. Brain na Cousens waliongeza kigezo f, kinachobeba nundu, mwaka 1989 ili mstari upande kwanza. Cedergreen, Ritz na Streibig wakaja na umbo jingine 2005. Kwenye R (programu ya takwimu), kifurushi cha drc, jaribu BC.4 ya Brain na Cousens, kisha CRS.4a, CRS.4b na CRS.4c za Cedergreen na wenzake, ulinganishe AIC (alama ya ubora wa modeli, ndogo ndiyo bora). Zote zinaweka kikomo cha chini kuwa sifuri, sawa kabisa kwa uzito mkavu. Tazama f: masafa yake ya uhakika (confidence interval) yakigusa sifuri, huna ushahidi wa nundu. Na tafadhali sana, kigezo e kwenye modeli hizi SI ED50. ED50 iombe kwa amri ya ED().

Mkulima_wa_Bondeni: Kwa hiyo tupulizie kidogo mboga zinenepe?

Babu_Takwimu: Hapana ndugu yangu. Uchochezi huo hubadilika na umri wa mmea, hewa na siku ya kuvuna. Dozi ikizidi kidogo unapoteza tuta zima. Na hiyo mboga inaliwa na watoto.

Binti, viriba ulivipangaje?

Binti_Kimara: Kwa safu, kila dozi safu yake. Sifuri iko karibu na ukuta.

Babu_Takwimu: Basi kivuli cha ukuta na dozi sifuri vimeshikana, hakuna modeli itakayovitenganisha. Rudia kwa kupanga kwa bahati nasibu ndani ya vitalu (makundi ya viriba vilivyo mahali pamoja, kila kundi lina dozi zote), uongeze viriba vya sifuri, na dozi mbili tatu kati ya 4.5 na 36. Juu ya 144 punguza, huko mmea unakufa tu. Data ya sasa itunze kama jaribio la awali, uiripoti na ukuta wake.

Binti_Kimara: Mbegu ninazo, naanza Jumamosi. Nitaweka grafu hapa.